Mtutu wa Halvor Tveit

Kwa miaka thelathini na mmoja Verlin Haugstad aliendesha lori la gesi ya kupikia katika bonde la Judith, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumwita mjuaji. Alikuwa akifika, anajaza tangi nyuma ya nyumba, anagonga dirisha, anakunywa kahawa akiwa amesimama, anaondoka. Watu walimpenda kwa sababu hiyo. Sasa mtu wa namna hii akistaafu, magoti yamekwisha, mke yuko kazini kwenye maktaba ya shule, nyumba kimya kutwa, lazima atafute cha kushughulika nacho, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Wengine hununua boti. Verlin alianza kukusanya bunduki za kale.

Nisieleweke vibaya. Huku Montana bunduki si kitu cha kumshangaza mtu. Nyumba isiyo na bunduki nyuma ya mlango wa jikoni ni ya mchungaji, na mchungaji naye anayo, kaificha tu. Lakini Verlin hakutaka bunduki ya kuwindia. Alitaka zile nyembamba za zamani zenye mkono wa chuma chini ya kifyatulio: unaushusha, ganda linaruka nje; unaupandisha, risasi mpya inaingia. Babu zetu walizibeba kwenye ala ya ngozi ubavuni mwa farasi. Mtu akiishika moja tu, ya kweli, kuiweka chini ni shida.

Ya kwanza aliinunua kwenye maonyesho ya bunduki huko Great Falls, mwezi wa kumi. Ilikuwa inang'aa kama sufuria ya dukani, na Verlin akaitembeza ukumbini kifua mbele, akitafuta wa kumwonyesha. Akampata mzee mmoja muuzaji, amevaa suruali ya kamba za mabegani. Mzee akaipokea, akaigeuza mara moja tu, akauliza, "Nani kaipaka rangi?"

"Rangi gani?" Verlin akasema.

"Ndugu yangu, chuma cha miaka mia hakiwi hivi. Mtu ameisugua mpaka thamani yote imeishia kwenye kitambaa. Wewe umenunua bomba la maji lenye kitako."

Meza nzima ikacheka. Verlin naye akacheka nao, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole kanisani, kisha akatoka na bomba lake mpaka kwenye gari. Ni mwendo wa saa mbili kurudi nyumbani na hakuwasha redio. Alijionea aibu mbele ya kioo cha gari lake mwenyewe. Akaapa kwamba katika maisha yake hakuna tena atakayempiga changa la macho kwenye bunduki, na akakishikilia kiapo hicho kwa ujinga wote aliokuwa nao.

Majira ya baridi yakaja. Verlin akaagiza vitabu vitatu vinene, kioo cha kukuzia, na tochi ndogo nyembamba ya kumulikia ndani ya mtutu. Akakariri namba. Akakariri herufi zilizochongwa kwenye chuma na mwaka kila mtindo ulipoanza na ulipoachwa. Ilipofika mwezi wa pili alikuwa hasemi jambo jingine. Mezani kwenye mkahawa, pale wanaume wanapokaa kila asubuhi na kupiga soga za bei ya ngano, Rollie Skogen alimbatiza jina.

"Jamani mpisheni Daktari," Rollie alikuwa akisema. "Daktari, nina jogoo hapa nje, nitazamie mwaka wake wa kutengenezwa."

"Cheka tu," Verlin alisema.

"Sicheki. Naogopa kukaa karibu nawe, utanimulika na mimi mdomoni."

Huyu Rollie mdomo wake hauna breki, lakini moyo wake safi. Shamba lake lilipakana na la Orrin na Arlys Tveit, na Orrin alipofariki mwezi wa kwanza, ardhi ikiwa imeganda kama saruji, ni Rollie aliyelisha ng'ombe wa marehemu mpaka walipouzwa.

Mwishoni mwa mwezi wa nne Arlys Tveit akampigia Verlin simu. Alikuwa na miaka sabini na tisa, macho yamepungua nguvu, na binti yake Karin alikuwa amekuja kumsaidia kufunga vitu, kwa sababu mama alikuwa anahamia mjini. "Nasikia siku hizi wewe ni mtaalamu wa bunduki," alisema. "Njoo uitazame ile ya Orrin. Ukiipenda, ichukue wewe. Sitaki iende kwa mtu wa mbali asiyejua ni ya nani."

Verlin hakulala vizuri siku hiyo. Bunduki ya Tveit kila mtu aliijua. Halvor, babu yake Orrin, alishuka kwenye treni na sanduku moja, akachunga kondoo wa watu misimu miwili ya baridi, na mwaka 1904 akaingia dukani akainunua mpya kutoka kwenye boksi. Aliinunua kabla hajanunua kitanda. Orrin aliisimulia habari hiyo kila mwaka kwenye sikukuu ya kushukuru, bata mzinga akipoa mezani, na mchungaji aliisimulia tena kwenye mazishi yake. Ukitaka kumjua Orrin Tveit alikuwa nani, hiyo ndiyo habari utakayopewa.

Siku ya pili Verlin alifika, akavua buti barazani, akaingia jikoni na soksi. Rollie alikuwa amekaa na kikombe mkononi, alikuja kurudisha msumeno. Karin alikuwa anafunga sahani kwenye magazeti. Mezani palikuwa na karatasi kubwa ya fundi wa mawe, yenye mchoro wa jiwe la kaburi: jina, miaka, chapa ya ng'ombe wa Tveit, na chini yake ile bunduki, imechorwa vizuri mpaka mkono wake wa chuma, na mwaka 1904.

"Fundi anataka jibu Ijumaa, ili jiwe liwe tayari kabla ya siku ya kuwakumbuka wafu," Arlys alisema. "Karin anasema kuchora bunduki kwenye kaburi ni ushamba."

"Sijasema ushamba," Karin alisema. "Nimesema ni kubwa."

"Baba yako ukimwondolea hiyo habari, anabaki na nini? Kofia?" Arlys akacheka, akamsogezea Verlin kiti. "Kaa, Verlin. Kula kwanza."

Akampa lefse, ule mkate mwembamba wa viazi, yenye siagi na sukari. Verlin akaimeza haraka haraka, kwa sababu bunduki yenyewe ilikuwa imelazwa kwenye taulo upande wa pili wa meza na macho yake yalishafika huko.

"Naomba niifungue, Bi Arlys."

"Fungua."

Akaielekeza sakafuni, akashusha mkono wa chuma, akachungulia, kisha akaingiza na kidole kuhakikisha hakuna risasi. Hata mwenye nyumba akikuapia kwamba haina kitu, unatazama mwenyewe. Huko kwetu mtoto hufundishwa hilo kabla ya kufunga kamba za viatu. Akaanza kuikagua. Mbao za mbele zilikuwa zimelika upande mmoja, pale zilipolala kwenye tandiko mwaka baada ya mwaka. Chuma kilikuwa na rangi ya kahawa, rangi ambayo hakuna dawa inayoweza kuiiga. Vichwa vya skrubu vilikuwa vizima, bisibisi ya mlevi haijawahi kuvigusa. Aliitaka ile bunduki kama mtu anavyotaka maji.

Na palepale akaikumbuka meza ya Great Falls. Akajiambia, kitu kizuri hivi lazima kina hila. Akaanza kuitafuta hila, na mtu akitafuta kwa bidii hivyo hakosi.

Aliipata kwenye mtutu. Chuma chake kilikuwa cheusi kidogo kuliko cha mwili. Akamulika, akasoma herufi kwa kioo, akafungua kitabu chake kwenye meza ya marehemu, katikati ya sahani za lefse, akafuata mstari kwa kidole. Mtindo ule wa herufi ulianza miaka kadhaa baada ya 1904. Akasoma mara mbili. Hakukosea kusoma, hilo nampa.

Lakini hapo ndipo alipotakiwa kufunga mdomo. Mkusanyaji yeyote aliyezoea, akikuta kitu asichokielewa kwenye bunduki ya ukoo, huiweka chini taratibu, anakunywa kahawa, anawauliza wenyewe: hii bunduki imepitia nini? Swali moja tu, tena la bure. Verlin hakuuliza. Alikuwa na kitabu, ya kuuliza ya nini?

"Bi Arlys," alisema, "samahani sana, lakini hii si bunduki ya 1904."

Karin akaacha kufunga sahani.

"Mwili ni wa wakati huo. Mtutu si wake. Hizi ni bunduki mbili. Mtu aliokoteza vipande akaviunga, akamuuzia asiyejua."

"Halvor aliinunua kwenye boksi," Arlys alisema.

"Ndivyo ilivyosimuliwa. Lakini kiwanda hakiwezi kuchonga herufi za miaka ya mbele." Sauti yake ilikuwa imepata utamu fulani, ule wa mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi. "Huenda Halvor alilaghaiwa. Huenda hata hakuwa na bunduki, na Orrin aliipata mnadani akiwa kijana. Hutokea sana. Watu hupenda kuipa bunduki ukoo."

"Verlin," Rollie alisema. "Kunywa kahawa yako."

"Nasema tu kilichoandikwa. Si maneno yangu."

Arlys hakumtazama. Alikuwa anautazama ule mchoro wa fundi. "Una hakika?" aliuliza.

"Nina hakika."

Alimjibu hivyo, bila kupepesa macho. Mchoro wa kaburi uko mbele yake, ameuona, ameusoma, na bado.

"Haya," Arlys alisema. "Orrin alikuwa na chumvi, hilo silikatai. Samaki wake walikuwa wanarefuka kila mwaka." Alijaribu kucheka, kicheko kikakatika njiani. Akaikunja karatasi ya fundi mara mbili, akaiweka kwenye droo ya vijiko. "Ichukue basi. Nipe bei ya vipande. Sitaki iwe humu ndani."

Verlin akampa bei ya bunduki ya vipande, akaifunga kwenye taulo lake, akaondoka nayo. Na njiani, Mungu amsamehe, alipiga mluzi.

Kesho yake mkahawani aliisimulia mwenyewe, jinsi alivyoinasa hila kwa herufi sita. Alitegemea utani. Rollie hakutania. Alikoroga kahawa yake ambayo haikuwa na sukari wala maziwa.

"Lile jumba la makumbusho kule Wyoming," Rollie alisema, "si wana madaftari ya kiwanda? Kila bunduki ilivyotoka. Kwa nini usiwaandikie?"

"Niwaandikie nini, na jibu ninalo?"

"Ili ututundikie hapo ukutani, Daktari."

Haikuwa utani, ilikuwa ni hasira, na Verlin hakuitambua. Akaandika barua siku hiyo hiyo, akatuma na namba ya bunduki, kusudi amzibe Rollie mdomo.

Mwisho wa mwezi wa tano ukafika, siku ya kuwakumbuka wafu. Sote tulikwenda makaburini kilimani, na maua, na reki za kukusanyia majani makavu. Verlin alikwenda na mkewe, LaVonne, kwenye kaburi la wazazi wake, na kutoka pale aliliona jiwe jipya la Orrin Tveit. Jina, miaka, na chapa ya ng'ombe. Chini ya chapa palikuwa patupu, jiwe jeupe lililosuguliwa, nafasi ya kutosha bunduki nzima. Watu wakipita wakisoma, wanatua kidogo kama wanaosubiri kitu, kisha wanaendelea. Arlys alikuwa amesimama pembeni na Karin. Verlin akamwamkia kwa kofia. Arlys akaitikia kwa kichwa, akageuka upande mwingine, kama mtu mwenye deni dukani. Aibu ilikuwa usoni pake yeye, mjane wa watu, si pa Verlin. Verlin alijiambia, afadhali ukweli, ingawa ni mkali. Alijiambia hivyo mara nyingi jioni ile.

Barua kutoka makumbusho ikaja siku tisa baadaye. Aliifungua kwenye sanduku la posta, barabarani, kopo la bia la kusherehekea kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa fupi. Bunduki yenye namba hiyo ilitoka ghalani mwa kiwanda mwezi wa tatu mwaka 1904. Na chini, mstari wa pili: ilirudishwa kiwandani kwa matengenezo, mwaka 1912.

Akausoma mstari huo mara tatu kabla haujaingia. Ilirudishwa. Kiwanda chenyewe kilifunga mtutu mwingine, wenye herufi za mwaka huo, kikairudisha kwa mwenyewe. Hakukuwa na vipande wala mnada. Bunduki moja, mwenyewe mmoja, tangu boksi. Alitamani ardhi ipasuke immeze pale pale, na sanduku la posta juu yake.

Ungedhani aliwasha gari akaenda kwa Arlys saa ile. Hapana. Aliisukuma barua chini ya kiti cha gari, na ikakaa huko juma zima. Hakwenda mkahawani. Alimwambia LaVonne ana mafua. Usiku alikuwa anapanga maneno, na kila akiyapanga anajikuta anaanza na kitabu: kitabu kilisema hivi, yeyote angeona hivi. Hata kichwani mwake alikuwa bado anajitetea. Bunduki yenyewe aliigeuzia ukuta.

Siku ya nane LaVonne alikuwa anatafuta miwani yake kwenye gari. Akaingia ndani na barua mkononi, akaiweka juu ya meza ya jikoni. Huyu mama hapigi kelele, ndiyo maana anaogopesha.

"Nimeisoma," alisema.

Verlin akaigeuza barua ikalala kifudifudi.

"Utakwenda wewe leo, au niende mimi?"

"Nitamwambia nini, LaVonne?"

"Kumbe siku ile ulikosa maneno?"

Akaenda. Nyumba ya Tveit ilikuwa imebaki kuta na mapazia, masanduku yamepangwa mpaka dirishani, Arlys peke yake kwenye kiti kimoja kilichobaki jikoni. Verlin akasimama mlangoni na soksi, bunduki kwenye taulo mkono mmoja, barua mkono wa pili. Maneno yote aliyoyapanga yakayeyuka.

"Nilikosea, Bi Arlys," alisema. "Orrin alisema kweli."

Arlys akaipokea barua, akaisogeza dirishani, akaisoma kwa kioo cha kukuzia, polepole, mdomo ukifuata maneno. Alipomaliza aliirudia. Kisha akakiweka kioo chini.

"Theluji," alisema.

"Nini?"

"Theluji iliingia mdomoni mwa mtutu. Halvor alianguka na farasi, akainuka, akafyatua bila kutazama. Mtutu ukapasuka. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto." Alikuwa anaongea na dirisha. "Kitu ambacho mtoto mdogo anajua, kutazama mdomo wa bunduki kwanza. Mzee alijionea haya mpaka anakufa. Kila picha utaona mkono uko mfukoni. Orrin aliniambia mara moja tu, garini, siku tunatoka kumzika, akasema isitoke nje. Ndiyo maana kwenye bata mzinga hakuisimulia hiyo. Alisimulia ya kununua tu."

"Sasa mbona hukuniambia siku ile?" Verlin alisema, na neno halijamaliza kutoka, akajua hakupaswa kulisema.

Arlys akageuka, akamtazama. "Nilitaka. Ilikuwa hapa," akagusa koo. "Lakini ulikuwa umefungua kitabu. Ukasema Orrin aliiokota mnadani. Nikajiambia, kama ya boksi aliitunga, basi na ya vidole aliitunga. Nikamfanya mwongo kichwani mwangu mara moja. Nimeishi naye miaka hamsini na minne, Verlin. Wewe uliongea dakika kumi."

Verlin alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na mbili, na hakujua aiweke wapi bunduki ile.

"Nitalipia jiwe," alisema. "Fundi aje achonge, mimi nilipe."

"Fundi atakuja, Karin atamwita. Hilo la jiwe ni jepesi. Iweke hapo bunduki."

Akailaza juu ya sanduku, kwenye taulo lake.

"Nakuomba radhi," alisema.

"Nimekusikia. Sasa utakwenda kwa Karin, umwambie ulikosea, maana yale uliyasema mbele yake. Na kwa Rollie. Na pale mkahawani, kwa sauti ileile."

"Nitakwenda."

"Hiyo ndiyo kazi yako. Mimi nina yangu." Akainuka kwa kushika meza, akachukua koti kwenye msumari. "Nipeleke kilimani. Siendeshi tena, macho."

Hawakuongea njiani. Upepo ulikuwa unasukuma gari pembeni kama kawaida ya mwezi wa sita, na kanisa jeupe likaonekana, na uzio, na mawe. Verlin akazunguka kumfungulia mlango.

"Nikushike mkono?"

"Kaa garini."

Akakaa. Alimwona akienda, barua mkononi, ameinamia upepo, mpaka kwenye lile jiwe lenye nafasi tupu. Akasimama mbele yake. Verlin hakuwa na pa kupeleka macho. Akitazama mbele yuko bibi kizee anayekwenda kumwomba mumewe msamaha kwa kosa alilobebeshwa na mtu mwingine. Akitazama kiooni yuko mtu mwingine huyo. Akatazama magoti yake. Dakika nyingi zilipita, robo saa au zaidi.

Mlango ukafunguka, Arlys akapanda, akajifunga mkanda. Barua bado alikuwa nayo, imekunjika kwenye ngumi. Macho yake yalikuwa makavu.

"Umemwambia?" Verlin aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimemwambia nyasi za mwaka huu ni nzuri," alisema. "Hilo jingine limenishinda."

Verlin akatia ufunguo, lakini hakuuzungusha. Wakakaa hivyo wote wawili, kila mmoja akitazama dirisha lake.